Dopamini inafungua mlango gani?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa biolojia, niko Iringa. Baba yangu ana ugonjwa wa Parkinson, huu ni mwaka wa saba, na anatumia levodopa, dawa inayogeuzwa kuwa dopamini ubongoni. Darasani nimekuwa nikifundisha kwamba seli ya neva humwaga kemikali, kemikali inafungua mlango wa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) kwenye seli ya pili, na umeme unaendelea na safari. Wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha tano akaniuliza: je, dopamini inafungua mlango gani? Nimeutafuta mlango huo, sikuupata. Kila ninakosoma nakutana na neno fosforilesheni ya protini. Naomba unieleze ni kitu gani, na kama kinahusiana na mambo mawili ninayoyaona kwa baba: dawa huchukua karibu nusu saa kabla haijashika, na siku hizi ikishashika, shingo na mabega yake yanachezacheza yenyewe.

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Mpe mzee pole na salamu zangu. Na huyo mwanafunzi mpongeze mbele ya wenzake, kwa sababu swali lake ndilo lililowashughulisha watafiti wa ubongo kwa miaka mingi, na aliyelijibu alipewa Tuzo ya Nobel.

Mlango hukuupata kwa sababu haupo. Dopamini haifungui mlango wowote wa ioni kwa mkono wake. Inapiga hodi nje, basi. Yanayofuata hufanywa na waliomo ndani ya nyumba, na kazi yao kubwa ni kubandika fosfeti kwenye protini na kuzibandua. Hiyo ndiyo fosforilesheni.

Unachofundisha si kosa, ila ni nusu ya habari. Glutamati na GABA ubongoni, na asetilikolini pale neva inapokutana na msuli, zina vipokezi, yaani protini zinazozipokea, ambavyo vyenyewe ni milango. Kemikali ikitua, mlango unafunguka papo hapo, ioni zinapita, na jambo zima linamalizika ndani ya milisekunde chache. Ndiyo maana ukigusa sufuria ya moto mkono unaruka kabla hujafikiri. Lakini dopamini, noradrenalini na sehemu kubwa ya vipokezi vya serotonini havifanyi kazi hivyo. Vyenyewe vinaamsha shughuli ya ndani inayochukua sekunde, wakati mwingine dakika, na athari yake inaweza kubaki kwa saa kadhaa. Ujumbe wa haraka unaiambia seli "piga umeme sasa". Ujumbe wa polepole unaibadilisha seli yenyewe, ili ujumbe wa haraka utakapokuja tena usikike zaidi, au usisikike sana.

Sasa fosfeti. Ni atomu moja ya fosforasi iliyozungukwa na oksijeni. Protini nitakayokueleza hapa chini ina uzito wa daltoni 23,000 hivi (daltoni moja ni karibu uzito wa atomu moja ya haidrojeni), na fosfeti ikibandikwa juu yake inaongeza daltoni 80 tu. Ni kama sarafu kwenye gunia la mahindi. Lakini sarafu hiyo ina chaji hasi, karibu mbili katika mazingira ya ndani ya seli, na inatua mahali ambapo hapakuwa na chaji. Sehemu za protini zilizokuwa zimeshikana zinasukumana, zilizokuwa mbali zinavutana, na umbo zima linajipanga upya. Wewe unajua kwamba kazi ya protini imo katika umbo lake. Umbo likibadilika, mlango uliokuwa umelala unaamka, kimeng'enya kilichokuwa kinafanya kazi kinasimama, protini iliyokuwa imeng'ang'ania mahali fulani inaachia.

Fosfeti hutolewa kwenye ATP, ileile unayofundisha kama chanzo cha nishati. Inabandikwa kwenye asidi za amino tatu hasa: serini, threonini na tirosini. Vimeng'enya vinavyobandika vinaitwa kinase. Mwaka 2002 watafiti waliopitia jenomu ya binadamu walihesabu jeni 518 za kinase. Vinavyobandua vinaitwa fosfatase. Hawa wa pili wamezoeleka kusahaulika vitabuni, na nadhani hilo ni kosa kubwa, kwa sababu jibu la swali lako limo mikononi mwao.

Habari hii yote haikuanzia ubongoni. Ilianzia kwenye misuli ya sungura, Seattle, Marekani, katikati ya miaka ya 1950. Edmond Fischer na Edwin Krebs walikuwa wakitafuta jinsi kimeng'enya kinachovunja glaikojeni kinavyoamshwa. Utaratibu wa zamani ulikuwa kuyachuja maji ya misuli kwa karatasi ya chujio, na kimeng'enya kilitoka kikiwa macho. Wao wakaiacha karatasi, wakatumia mashine inayozungusha kwa kasi ili uchafu uzame chini. Kimeng'enya kikatoka kimelala. Waliporudia karatasi, kikaamka tena. Kumbe karatasi ilikuwa na kalsiamu kidogo ndani yake. Kalsiamu ile iliiamsha kinase iliyokuwemo kwenye maji ya misuli, na kinase ikachukua fosfeti ya ATP na kuibandika kwenye kimeng'enya. Wangeweza kuendelea kutumia karatasi bila kujiuliza, na kazi yao ya kila siku ingekwenda vizuri tu. Waliuliza. Walipewa Nobel mwaka 1992, wakiwa wazee.

Aliyeivusha habari hiyo kutoka kwenye msuli hadi kwenye neva ni Paul Greengard. Alihamia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1968, wakati ambapo wataalamu wengi wa neva waliamini kwamba mawasiliano ya seli za ubongo ni umeme na milango, na mambo ya kimeng'enya ni ya ini na misuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba dopamini ikigusa seli za neva inaamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli iitwayo cAMP, ileile ambayo Earl Sutherland aliigundua kwenye ini. Na cAMP ikiongezeka, inaiachia huru kinase iitwayo PKA. Mwaka 2000 Greengard aligawana Nobel na Arvid Carlsson, aliyeonyesha miaka ya 1950 kwamba dopamini ni mjumbe ubongoni, na Eric Kandel, aliyefuatilia kumbukumbu ndani ya konokono wa baharini na kukutana na PKA hiyohiyo. Fedha zake za tuzo Greengard alizitoa kuanzisha tuzo ya wanasayansi wanawake, akaipa jina la mama yake, aliyefariki akimzaa yeye. Huwa nawaambia wanafunzi wangu habari hiyo kila mwaka.

Sasa twende striatamu, ndani kabisa ya ubongo, mahali ambapo dopamini ya mzee imepungua. Seli nyingi za striatamu zimejaa protini moja ambayo kundi la Greengard liliitangaza mwaka 1983. Inaitwa DARPP-32. Jina ni kifupi cha maneno yanayomaanisha protini ya fosfeti inayodhibitiwa na dopamini na cAMP. 32 ni uzito wake kama ulivyoonekana kwenye jeli ya maabara, daltoni elfu 32, ingawa uzito wake halisi ni kama elfu 23. Naomba uisome sehemu hii taratibu, kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika fani yangu.

Dopamini inatua kwenye kipokezi cha aina ya D1. Ndani, cAMP inapanda, PKA inaachiwa huru. PKA inaanza kubandika fosfeti huku na kule: kwenye milango ya kalsiamu, kwenye vipokezi vya glutamati ili viitikie kwa nguvu zaidi. Lakini wakati huohuo kuna fosfatase moja yenye bidii sana, jina lake PP1, inayopita nyuma ikibandua. Mmoja anabandika, mwingine anabandua, na mwisho wa siku mabadiliko yangekuwa madogo. Hapo ndipo DARPP-32 inapoingia. PKA inaibandika fosfeti moja kwenye threonini ya 34, hesabu ukianzia mwanzo wa mnyororo wake. Kwa fosfeti hiyo moja, DARPP-32 inakuwa kizuizi kikali cha PP1: inaikaba, isibandue tena. Kwa hiyo dopamini inabandika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili inamshika mbanduaji.

Ukitaka wanafunzi wako waelewe, waite watatu mbele. Wa kwanza abandike vipande vya karatasi ubaoni. Wa pili asimame hapohapo abandue. Ubao utabaki karibu mtupu, hata wa kwanza aongeze kasi. Kisha mwambie wa tatu amshike wa pili mikono. Ndani ya nusu dakika ubao utajaa, ingawa kasi ya wa kwanza haikubadilika. Huyo wa tatu ndiye DARPP-32 mwenye fosfeti kwenye namba 34.

Haiishii hapo. Glutamati ikifika kwenye seli hiyohiyo na kuingiza kalsiamu, kalsiamu inaiamsha fosfatase nyingine, kalsinurini, na hiyo inaifuata threonini ya 34 na kuing'oa fosfeti yake. PP1 inaachiwa, inarudi kazini. Kwa hiyo wajumbe wawili tofauti kabisa, dopamini na glutamati, wanabishana juu ya fosfeti moja, mahali pamoja, kwenye protini moja. Na kuna sehemu ya pili, threonini ya 75, inayobandikwa na kinase iitwayo Cdk5. Fosfeti ikikaa hapo, DARPP-32 inageuka: badala ya kumkaba mbanduaji, inamkaba mbandikaji, yaani PKA yenyewe. Protini moja, fosfeti moja, na umuhimu wote uko katika namba ilipobandikwa. Panya walioondolewa jeni ya DARPP-32, katika utafiti uliotoka mwaka 1998, waliishi na walitembea, lakini mwitikio wao kwa dopamini na kwa dawa zinazoiongeza ulikuwa hafifu.

Nikiwa mwanafunzi niliyaona haya kwa macho, kwa njia iliyonigharimu. Tulikuwa tunapima fosfeti ya namba 34 katika vipande vya striatamu ya panya. Kuna kingamwili inayoishika DARPP-32 ikiwa tu fosfeti imo pale. Ukiitumia vizuri unapata mstari mweusi kwenye utando. Siku ile nilichelewa. Kati ya kuutoa ubongo na kuugandisha nilipoteza dakika mbili au tatu, na kwenye maji ya kusagia sikuweka floridi ya sodiamu, inayozizuia fosfatase. Usiku nikaja kutazama utando: mistari ya protini yenyewe ipo, minene, imepangana vizuri, mistari ya fosfeti hakuna. Protini zote zilikuwepo, ujumbe ulikuwa umefutika. Seli zilikuwa zimeshakufa lakini fosfatase ziliendelea na kazi. Wapo watafiti wanaotumia mikrowevu maalumu inayopasha ubongo wa mnyama kwa sekunde moja au mbili ili vimeng'enya vyote visimame palepale, kwa sababu hiyohiyo. Tangu siku ile siwezi kuifikiria fosforilesheni kama kitu kilichobandikwa kikatulia. Ni kama maji kwenye ndoo inayovuja wakati bomba linamimina: kimo unachokiona kinategemea yote mawili.

Upande wa seli inayotuma ujumbe nitapita haraka, ila usikose jambo moja. Vifuko vyenye kemikali havielei ovyo. Vingi vimefungwa kwenye kiunzi cha seli kwa protini iitwayo sinapsini. Umeme ukifika mwisho wa neva, kalsiamu inaingia, kinase zinabandika fosfeti kwenye sinapsini, nayo inaachia. Vifuko vinasogea mstari wa mbele tayari kumwagwa. Hata kimeng'enya kinachotengeneza dopamini, tirosini haidroksilesi, huongezewa kasi kwa fosfeti kwenye serini ya 40. Kwa hiyo jambo hili lipo kote: anayetengeneza, anayemwaga na anayepokea.

Turudi kwa mzee. Hiyo nusu saa ya kungoja dawa haitokani na fosforilesheni. Nakwambia wazi kwa sababu niliona unazihusisha. Ndani ya seli mambo yote niliyoeleza yanaanza kwa sekunde. Nusu saa ni ya tumbo: kidonge kitoke tumboni, kifike utumbo mdogo, levodopa ifyonzwe, ivuke kuingia ubongoni, kisha igeuzwe kuwa dopamini. Levodopa ni asidi ya amino, na inavuka utumboni na ubongoni kwa kupanda wabebaji walewale wanaobeba asidi za amino za nyama, maharage na maziwa. Akiimeza pamoja na sahani ya maharage, inabanwa kwenye foleni. Wagonjwa wengi wanafaidika kwa kuimeza nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula. Usimpunguzie protini kwa jumla, anazihitaji. Panga saa tu, na umshirikishe daktari wake.

Kuchezacheza kwa shingo na mabega ni habari nyingine, na hapo fosfeti zinahusika kweli. Zamani seli za mzee zinazotengeneza dopamini zilikuwa zikiimwaga kidogokidogo, kutwa nzima, na kuihifadhi. Nyingi zimekufa. Sasa dopamini inakuja kwa mafuriko kila anapomeza kidonge, kisha inakauka. Seli za striatamu zilizokaa na njaa ya dopamini zimekuwa na usikivu uliopita kiasi upande wa kipokezi cha D1: hodi ndogo inaamsha nyumba nzima. Katika panya waliofanywa kuwa na hali inayofanana na Parkinson kisha wakapewa levodopa, utafiti wa mwaka 2007 ulikuta kwamba wale waliopata mchezo huo wa viungo walikuwa na fosfeti nyingi kupita kawaida kwenye namba 34 ya DARPP-32, na pia kwenye kinase nyingine iitwayo ERK, ambayo huingia hadi kwenye kiini cha seli na kubadilisha jeni zipi zisomwe. Hii inaeleza kwa nini tatizo huja baada ya miaka, na kwa nini haliondoki kwa kuacha dozi ya siku moja. Seli imejengwa upya kidogokidogo kwa mafuriko hayo.

Na tafadhali, asiache dawa ghafla kwa sababu ya kuona mwili unacheza. Kuikatiza levodopa kwa mkupuo kunaweza kuleta homa kali, misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa, na watu hufa kwa hali hiyo. Yapo mambo ambayo daktari anaweza kufanya: kuigawa dozi iwe ndogondogo na ya mara nyingi ili mafuriko yapungue, au kuongeza amantadini, ambayo hupunguza sauti ya glutamati. Unaona sasa kwa nini dawa ya kuzuia glutamati inasaidia tatizo lililoletwa na dopamini: wajumbe hao wawili wanakutana ndani ya seli moja, na kama nilivyoeleza, dopamini huvifanya vipokezi vya glutamati viitikie kwa nguvu zaidi, kwa hiyo mmoja akipaza sauti mno inafaa kumtazama na mwenzake.

Ugonjwa wenyewe nao una alama za kinase. Jeni ya LRRK2 inatengeneza kinase, na mabadiliko yake yanayojulikana zaidi huifanya ibandike kupita kiasi. PINK1 nayo ni kinase, na waliorithi nakala zake mbovu hupata Parkinson wakiwa bado vijana. Dawa za kuituliza LRRK2 zinafanyiwa majaribio kwa binadamu. Sisemi hivi kukupa matumaini ya kesho asubuhi, bali ujue kwamba watu wanaifanyia kazi njia hii, na kwamba wengi wa wagonjwa, pengine na mzee, hawana mabadiliko hayo ya jeni.

Jambo la kufanya wiki hii ni daftari. Andika saa aliyomeza dawa, alikula nini na saa ngapi, saa ilipoanza kushika, saa mwili ulipoanza kucheza na ulipotulia, na saa alipoanza kukakamaa tena. Siku saba zinatosha. Angalia hasa kama mchezo unakuja katikati, dawa ikiwa juu kabisa, au mwanzoni na mwishoni, ikipanda na ikishuka, maana tiba za hali hizo mbili hazifanani. Siku ya kliniki mpe daktari daftari lenyewe mkononi, na kama simu yako ina nafasi, mrekodi mzee dakika moja wakati mwili unacheza. Kule kliniki mara nyingi hautacheza.